Jino Fupi na Jino Lililoliwa

Nilipofungua boksi la kaseti mpya ya baiskeli mbele ya kibanda cha fundi pale Igoma, Mwanza, wazo la kwanza lililonijia ni kuirudisha ilikotoka. Ilikuwa imekuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, nimeisubiri karibu wiki mbili, na sasa naiona ina kasoro. Kwenye sproketi ya meno 24, meno kadhaa yalikuwa mafupi kuliko wenzake. Mengine yalikuwa yamechongwa kimshazari upande mmoja, na ubavuni mwa chuma kulikuwa na vijia vilivyopanda kama ngazi. Nikamwonyesha fundi. Akaigeuza juani, akapitisha ukucha juu ya jino moja fupi, kisha akanirudishia.

"Mwalimu, hayo hayajaliwa. Hayo yamekatwa."

Kazi yangu ni kufundisha ushairi wa Kiswahili, na maneno yale mawili, kuliwa na kukatwa, hayajanitoka kichwani tangu siku ile. Kila mwaka nasahihisha insha ambamo mwanafunzi anakuta neno limefupishwa katika ubeti, anaandika kwa kalamu nyekundu ya kwake mwenyewe: "mshairi amekosea." Na kila mwaka nakutana na shairi lililopoteza mizani kabisa, halafu mwanafunzi huyohuyo anasema mshairi ametumia uhuru wake. Fundi yule alitenganisha mambo hayo mawili kwa ukucha. Kwa hiyo nataka kuisoma kaseti ya baiskeli kama ninavyosoma shairi la arudhi: nianze na umbo, na nibaki kwenye umbo mpaka lenyewe liseme.

Nianze na kipimo. Cheni ya baiskeli ni mfululizo wa pini, na kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Cheni ya rola ya aina hii ilitokana na kazi ya Hans Renold, fundi mitambo wa Manchester, mwaka 1880, na nusu inchi ndiyo iliyoenea duniani kwa baiskeli. Baiskeli nzito ya Phoenix inayopanda kutoka Mwaloni Kirumba na magunia ya dagaa ina kipimo hicho. Baiskeli nyepesi ya mbio ina kipimo hichohicho. Cheni inaweza kuwa pana au nyembamba, jino nene au jembamba, lakini umbali wa rola na rola haujadiliwi. Hiyo ndiyo mizani ya chombo hiki. Mwaka 1954 Amri Abedi alipochapisha kanuni zake za kutunga mashairi, alisisitiza kwamba mshororo una hesabu yake ya silabi na hesabu hiyo si ya kuchezewa. Mtu aliyelelewa na mshororo wa silabi 16, nane ukwapini na nane utaoni, haoni ajabu kwamba chuma nacho kina hesabu isiyochezewa.

Baiskeli ambayo wengi Usukumani waliijua kwanza ni ya gia moja: Phoenix ya China, au zamani Swala iliyotengenezwa hapahapa nchini. Nyuma ina frewili yenye duara moja la meno. Ukilitazama jino moja umeyatazama yote, kwa sababu yote yana urefu mmoja na umbo moja. Hayana haja ya kuwa na umbo jingine, maana cheni haihami kamwe. Ni mshororo mmoja unaorudiwa tangu Magu hadi mjini, na uzuri wake uko katika kurudiwa kwake. Sina neno baya juu ya umbo hilo. Limebeba mkaa, maziwa, wagonjwa na maharusi.

Kaseti ni kitu kingine. Yangu ina sproketi nane zilizopangwa kutoka ndogo hadi kubwa: 11, 13, 15, 17, 19, 21, 24, 28. Jumla ni meno 148. Kwa macho, hatua zinaonekana sawa karibu mpaka mwisho: mbili, mbili, mbili, mbili, mbili, kisha tatu, kisha nne. Mtu angedhani mtengenezaji alikuwa mkali kwa ngazi tano za kwanza akalegeza mbili za mwisho. Miguu inasoma vingine. Kutoka 11 kwenda 13 ni badiliko la asilimia 18. Kutoka 13 kwenda 15 ni 15, kisha 13, kisha 12, na kutoka 19 kwenda 21 ni asilimia 11 tu. Baada ya hapo zinapanda tena: 14, halafu 17. Meno mawili yanayoongezwa juu ya 11 ni mzigo mkubwa, na meno mawili yaleyale juu ya 19 ni mzigo mdogo. Zile "mbili" tano haziko sawa hata kidogo, na zile tatu na nne za mwisho hazikulegezwa. Zimeongezwa ili hatua zisizidi kupungua mpaka mguu usihisi tofauti.

Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu kaseti kama umbo. Hatua zake ni fupi katikati, mahali ambapo mwendeshaji anakaa muda mwingi na anahitaji kuchagua kwa makini. Ni ndefu pembeni, ambako anapita tu: mteremko mkali huku, mlima mkali kule. Mshairi mzuri hufanya hivyo na pumzi. Hesabu ya silabi inabaki palepale, lakini katikati ya ubeti maneno yanasogeleana, na mwanzoni na mwishoni yanaachiana nafasi.

Sasa turudi kwenye jino fupi. Cheni ikiwa juu ya sproketi ya 21 na mwendeshaji akataka 24, mkono wa gia unaisukuma cheni pembeni. Zamani meno yote yalipokuwa marefu sawasawa, cheni ilikwaruzana nayo mpaka ikabahatika kupanda, na ilibidi mwendeshaji alegeze pedeli kidogo. Mwaka 1989 kampuni ya Shimano ya Japani ilileta mfumo wa Hyperglide, ambamo meno fulani hufupishwa, mengine huchongwa pembe, na ubavu wa sproketi hutiwa vijia vya kuinulia cheni. Cheni ikifika mahali palipoandaliwa, kijia kinaipokea, jino fupi linaipisha, na kwa kitambo kidogo inakuwa juu ya sproketi mbili kwa pamoja, mguu bado unasukuma. Wahakiki wetu wana jina la mshororo ambao maana yake haikamiliki mpaka uingie mshororo unaofuata: mshata. Cheni inayohama ni mshata. Kwa nusu mzunguko huwezi kusema iko gia gani.

Na jino fupi ni inkisari. Mshairi anaposema "alokuja" badala ya "aliyekuja," amekata silabi moja ili mshororo upite penye njia nyembamba. Hakuikata popote alipotaka. Aliikata pale ambapo mizani ilidai. Jino lililopindwa kidogo upande mmoja naliita tabdila, kwa kuwa idadi haikubadilika, sura ndiyo iliyobadilika. Uhuru wa namna hii una mahali pake maalumu. Ndiyo sababu ngoma ya frewili, ile sehemu ya habu inayovalishwa kaseti, ina mifuo ya urefu wake na mfuo mmoja kati ya hiyo una upana tofauti na wenzake. Kila sproketi nayo ina jino la ndani linaloingia hapo tu. Huwezi kuivisha kaseti vibaya hata ukitaka. Mfuo huo mmoja unahakikisha kwamba kijia cha sproketi ya 24 kinatazamana na mahali sahihi pa sproketi ya 21, na hiyo na ya 19, kutoka juu mpaka chini. Mwenye jicho la ushairi analijua jambo hili tangu darasa la kwanza la utungaji. Vina havisomwi kwa mlalo peke yake. Vinasomwa kwa wima, ubeti mzima ukiwa umesimama juu ya silabi moja.

Hoja yangu basi ni hii: jino linaruhusiwa kuwa fupi kwa sababu nafasi kati ya jino na jino hairuhusiwi kubadilika. Ukali wa ile nusu inchi ndio unaolinda uhuru wa jino. Nafasi ikipotea, uhuru wote unageuka kasoro, hata kama hakuna jino lililoguswa na patasi.

Kaseti yangu ya zamani ilikuwa imefika huko, nami sikujua kuisoma. Miezi michache kabla, nilikuwa nimepima cheni kwa rula ya shule. Ni kipimo rahisi: weka alama ya sifuri katikati ya pini moja, nyosha cheni, tazama inchi ya 12. Pini inapaswa kuangukia hapo kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, cheni ibadilishwe. Ikizidi kwa sehemu moja ya nane, cheni imekwisha kuiharibu kaseti pia. Yangu ilizidi kwa sehemu ya nane. Watu husema cheni imenyooka, lakini chuma hakikuvutika. Kilicholiwa ni pini na matundu zinamochezea, kila pingili ikipoteza kidogo sana, mpaka nusu inchi ikawa nusu inchi na ushee. Nikanunua cheni mpya peke yake, nikaona kaseti bado inang'aa, nikaiacha.

Nilipoanza kupanda barabara ya Bugando, mahali ambapo unasimama juu ya pedeli, cheni iliruka. Mguu wa kulia ulishuka bila kitu chini yake, kifua kikagonga usukani, na bodaboda nyuma yangu akapiga honi ndefu. Nikashuka nikaisukuma baiskeli mpaka juu, nikiwa na cheni mpya kabisa.

Baadaye, kwa mwanga wa simu, niliisoma kaseti ile sproketi kwa sproketi. Ile ya 11 ilikuwa kama imetoka dukani, kwa kuwa naigusa kwenye mteremko tu. Ile ya 28 ilikuwa na mikwaruzo michache ya Bugando. Lakini 15 na 17 zilikuwa zimeisha. Upande wa jino unaosukumwa na cheni ulikuwa umechimbwa, upande wa pili umebaki mzima, na ncha imeinama kama miiba ya mgongo wa sato. Bonde kati ya meno lilikuwa limepanuka. Hiyo ni barabara ya Jumapili zangu zote: Igoma, Kisesa, kuelekea Magu na kurudi, tambarare yenye mabonde mepesi na upepo wa ziwa usokoni wakati wa kurudi mchana. Sproketi ya 19 ilikuwa inaanza kuliwa, na nayo ina habari yake mpya zaidi. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, nimekuwa nikipita Usagara na Kigongo kwenda upande wa Busisi, kilomita 3 juu ya maji, upepo ukija ubavuni bila kizuizi.

Kuna jambo moja nililoligundua kwenye 17 ambalo linanipendeza mpaka leo. Meno yake yote 17 yalikuwa yameliwa sawasawa. Cheni hupishanisha pingili pana na pingili nyembamba. Kwenye duara la meno yenye idadi witiri, jino lililokutana na pingili pana mzunguko huu litakutana na nyembamba mzunguko ujao, kwa hiyo mzigo unagawanyika. Kwenye duara la meno 24 au 28, jino hukutana na aina ileile ya pingili kila mzunguko mpaka cheni ihamishwe. Sproketi sita kati ya nane kwenye kaseti yangu ni witiri. Mwenye kusoma ubeti na kuona kina cha kati na kina cha mwisho vikibadilishana zamu ataelewa kwa nini nilikaa pale sakafuni muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kilichozila sproketi hizo ni mji wenyewe. Mwanza imekaa juu ya matale, mawe makubwa yanayopandana vilimani, na mchanga wake ni mawe hayohayo yaliyosagika. Zile chembe zinazong'aa mchangani ni ngumu kuliko msumari. Zikiingia kwenye cheni iliyopakwa mafuta mengi, mafuta na mchanga vinakuwa kitu kimoja, na kitu hicho ni msasa. Kila ninapopita penye matengenezo ya barabara wakati wa masika, tope linarukia cheni, linakauka, na kazi inaendelea kimyakimya ndani ya pini. Wengi huongeza mafuta wakisikia cheni inalia. Kufuta ndiko kunakotangulia.

Shairi lenye kasoro ya vina au mizani tunaliita guni. Hilo ndilo jina la kaseti yangu ya zamani. Lakini jina hilo linahitaji uangalifu, na hapa sina budi kumtaja mtu wa ziwa hili. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, ng'ambo ya maji ninayoyaona nikiwa barabarani. Diwani yake ya Kichomi ilipotoka mwaka 1974, mashairi yasiyo na vina wala mizani ya kimapokeo, ugomvi juu ya umbo ukawa mkali, na wapo waliokataa kuyaita mashairi. Kwa kipimo cha Amri Abedi yangekuwa guni. Mimi nasema hapana. Guni ni shairi lililoahidi mizani likashindwa kuitimiza. Kezilahabi hakuahidi silabi 16. Alipima kwa kitu kingine, kwa pumzi ya mtu anayesema, na ndani ya kipimo hicho mistari yake imekaa. Kaseti iliyoliwa haina utetezi huo. Cheni mpya inafika na ahadi ya milimita 12.7, rola inatafuta bonde lake, bonde limehama. Rola inakaa kwenye mteremko wa jino, mguu unasukuma, rola inapanda mteremko na kuvuka ncha. Ule mruko wa Bugando ulikuwa ahadi iliyovunjika.

Na ndiyo maana nasema uhakiki wa jino mojamoja hautoshi. Ukipiga picha jino lililoliwa la sproketi ya 17 pamoja na jino fupi la sproketi mpya ya 24, ukamwonyesha mtu asiyejua, atachagua lile la 17 kuwa zima zaidi, kwa sababu ni refu. Kasoro haiko ndani ya jino. Iko kati ya jino na jino, na huioni mpaka uilinganishe na cheni. Nimeona uhakiki mwingi wa ushairi wetu ukifanya kosa hilohilo: neno linatolewa kwenye ubeti, linalazwa mezani peke yake, linahukumiwa kwamba limekatwa au limerefushwa, bila mtu kuhesabu mshororo uliolihitaji.

Kazi ya kubadilisha yenyewe ni fupi. Kwa kuwa kaseti inazunguka huru upande mmoja, lazima ishikwe isizunguke wakati unaifungua ringi inayoifunga. Fundi hakuwa na kifaa cha dukani cha kuishikia. Alikuwa na bapa la chuma alilolitoboa mwishoni na kulipigilia kipande cha cheni kuukuu kwa pini. Cheni hiyo aliizungusha kwenye sproketi ya kati, akabana. Kifaa cha kuingia kwenye mifuo ya ringi nilikuwa nacho mimi, na naomba kila mwenye baiskeli ya kaseti awe nacho, maana nimeziona ringi zilizofunguliwa kwa patasi na nyundo na hazikufungwa vizuri tena. Ringi inafunguka kinyume cha saa. Ilipoachia ilitoa mlio mkavu, kraa, kisha mingine midogo, kwa sababu uso wake una miparuzo inayokamata sproketi ya mwisho. Zikatoka 11, kisha 13, na baina ya sproketi zilizoachana palikuwa na vipete vya milimita 3. Tukaifuta ngoma kwa kitambaa na mafuta ya taa, tukapaka grisi kidogo sana, tukatafuta ule mfuo wa upana tofauti, kaseti mpya ikateleza ndani bila kubishana.

Juu ya ringi mpya pameandikwa 40 Nm. Fundi akaniuliza maana yake. Nikamwambia kwamba ukiwa na spana ya sentimita 30, ni kama kuning'iniza kilo 13 na nusu hivi kwenye ncha yake. Akaishika spana, akafumba macho kidogo, akakaza mpaka miparuzo ikalia mara kadhaa, akaacha. "Ndoo ya maji haijajaa," alisema, na hesabu yake ilikuwa karibu na yangu kiasi cha kunitosha.

Baada ya kufunga gurudumu nilizungusha pedeli kwa mkono na kuipandisha cheni kutoka 21 kwenda 24. Nilitaka kuona kwa macho jino fupi likifanya kazi. Lilipita haraka mno. Nikarudia polepole, na safari hii niliona pingili ikiinuka kwenye kijia, ikasimama juu ya sproketi zote mbili, jino fupi likapita chini yake bila kuigusa, na jino refu lililofuata likaipokea.

Cheni yangu kuukuu bado ilikuwa kwenye ndoo ya vyuma vya fundi, pale nilipoiacha miezi ile. Fundi aliitoa, akaokota sproketi ya 17 kutoka kaseti iliyokufa, akaizungushia cheni ile na kuivuta kwa nguvu mikono yote miwili, kisha akanipa nitazame. Kila rola ilikuwa imelala bondeni mwake. Hakuna iliyopanda jino.

"Zimezeeka pamoja," alisema. Akaikata cheni pingili kumi na kitu, akaanza kutoboa bapa jingine la chuma.